Kabati la Vyombo: Jina na Mahali Pake Kavimvira

Kabati la vyombo, lenye milango ya kioo na nakshi zilizochongwa kwenye miimo yake, ni samani ya sebuleni ambayo kazi yake ya kwanza si kuhifadhi bali kuonyesha. Sahani zinazopangwa humo hazipakuliwi chakula ila siku ya mgeni. Kwa hiyo haifai kulieleza pamoja na kasha au sanduku, ambavyo huficha. Jamaa yake wa karibu katika utamaduni wa Waswahili ni kidaka.

Zidaka ni vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu katika kuta za chokaa za nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa za karne ya 18. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure, nyingi zikiwa za Uchina. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kudhihirisha katika Al-Inkishafi jinsi fahari ya Pate ilivyotoweka, aliyataja madaka hayo hayo: makinda ya ndege yamelala palipokuwa na sahani. Angeweza kutosheka na kuta zilizobomoka; akachagua mahali pa kuonyeshea.

Kidaka hakihami. Kabati huhama, na jina lake limehama pia. Neno hili lina asili ya Kiingereza, na Kiswahili Sanifu kimelipa wingi wa makabati, yaani silabi ka- imehesabiwa kuwa sehemu ya shina. Kinyarwanda kimefanya vingine: akabati, wingi utubati. Huko silabi hiyo imesikika kama kiambishi cha udogo, na samani ambayo pengine huhitaji watu wanne kuiinua imeingizwa katika ngeli ya vitu vidogo.

Jambo hili linaihusu Kavimvira moja kwa moja. Mtaa huo wa kaskazini mwa mji wa Uvira uko kwenye njia ya mpaka wa Burundi, na wakazi wengi huzungumza zaidi ya lugha moja ya Kibantu. Tena Kiswahili cha Kongo ya mashariki kinaitumia ngeli ya ka-/tu- (katoto, tutoto), ambayo Kiswahili Sanifu hakina. Chenyewe hutumia ki-/vi-. Mtafiti anayesikiliza wingi wa kabati mahali kama hapo asifanye haraka kuuita kosa. Wala asishangae kusikia armoire, neno lililoletwa na Kifaransa cha shule na ofisi.

Kazi hiyo haifai kuahirishwa. Vita vya Oktoba 1996 viliwatoa watu wengi wa Uvira majumbani mwao, na anayekimbia hubeba sufuria, habebi kabati. Yakaja mafuriko ya Aprili 2020, kisha maji ya Ziwa Tanganyika yakapanda na kuingia katika nyumba za mwambao. Mbao ngumu kama mvule hustahimili unyevu kwa muda mrefu, lakini gundi ya zamani iliyopikwa kwa ngozi na mifupa huyeyuka, viungo vikalegea, na nakshi zilizobandikwa zikadondoka. Anayeorodhesha majina ya sehemu za makabati haya angefanya vyema kuanzia chini: miguu, ubao wa sakafu, watoto wa kabati, ndipo bawaba na taji lenye nakshi.