Ubashiri wa Mtihani na Tabibu wa Macho wa Juba

Katika nchi ambayo vikope na usubi vingali vikipofusha watu vijijini, na mtoto wa jicho huwaketisha wazee gizani ilhali tiba yake ni upasuaji wa muda mfupi, daktari mmoja akianguka mtihani wake wa ubingwa wa macho hasara haiwi yake peke yake. Mpango wa dunia wa kuondoa upofu unaoepukika, uliowekewa mwaka 2020 kuwa ukomo wake, uliitakia Afrika tabibu bingwa mmoja kwa kila watu 250,000. Kwa hesabu hiyo Sudan Kusini, yenye watu zaidi ya milioni 10, yahitaji mabingwa zaidi ya 40, nao waliopo hata leo ni wa kuhesabika kwa vidole, na aghalabu huwakuta Juba.

Basi swali la kama yawezekana kumtambua mapema mwanagenzi atakayeshindwa si swali la wasomi watupu. Wamarekani wamelichunguza sana. Huko, kila mwaka, madaktari walio katika mafunzo ya macho hufanya mtihani wa ndani uitwao OKAP, usiompa mtu cheti wala kumnyima, na watafiti wamekuta kwamba wapatao alama za chini humo ndio ambao mara nyingi hutaabika baadaye katika mtihani wa bodi ya ubingwa. Walitegemea pia alama za mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari. Lakini tangu Januari 2022 mtihani huo hutangaza kufaulu au kushindwa tu, na kipimo kilichozoeleka kikatoweka.

Ubashiri wa namna hii husema habari za kundi, wala haumhukumu mtu mmoja, na huthibiti pale tu zinapokusanywa alama za watu wengi waliopita njia moja. Hapo ndipo Juba inapotofautiana na Marekani, kwani madaktari wake hawakupita njia moja. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoasisiwa mwaka 1975, kilihamishwa na vita hadi Khartoum, kikakaa huko miaka mingi. Na katika miaka ya 1990 serikali ya Sudan ikaamuru vyuo vikuu vifundishe kwa Kiarabu. Madaktari wengine wa Sudan Kusini walipelekwa Cuba wakiwa watoto katika miaka ya 1980, na baadhi yao wakasoma utabibu kwa Kihispania. Kisha daktari aliyesoma kwa njia hizo, atakapo ubingwa, hufunga safari kwenda Nairobi, Kampala au kwingineko, akaulizwa kwa Kiingereza mambo ambayo pengine ayajua vyema kwa lugha nyingine. Alama zake za zamani, lau zingetumiwa kumbashiria, zingetueleza zaidi misukosuko aliyoipita kuliko kiasi cha fahamu yake, na mimi naona ni dhuluma kumfungia mlango kwa ajili ya alama hizo.

Kinachobashiri kwa uadilifu zaidi ni jaribio la karibuni, lenye maswali ya aina ile ile atakayoyakuta mwishoni. Chuo cha Madaktari wa Macho cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COECSA, kilichoundwa mwaka 2012 na chenye makao yake Nairobi, huwatahini wanagenzi wa eneo zima, na kwa hiyo kina nafasi njema ya kulinganisha alama za majaribio na matokeo ya mwisho, mwaka baada ya mwaka, hata kama kila nchi huleta watu wawili au watatu tu. Fauka ya hayo, karatasi haioni mkono: yuko ajibuye kila swali juu ya lenzi, na mkono wake ukatetemeka chini ya hadubini, kwa hiyo hesabu ya upasuaji alioufanya akisimamiwa nayo iandikwe kando ya alama.

Daktari kijana angali akihudumu katika kituo cha macho cha Buluk mjini Juba, apewe jaribio kama hilo kabla hajasafiri, na udhaifu utakaoonekana, iwe ni wa lugha, wa hesabu za mwanga au wa maradhi ya retina, uandikiwe barua kwa mwalimu atakayempokea, ili afundishwe hilo kwanza.