Dumu Lisilosahau Mafuta ya Taa

Mtu wa Konde, kaskazini mwa Pemba, hahitaji kuelezwa: dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa halifai tena kwa maji ya kunywa. Lisugue kwa sabuni, lisugue kwa mchanga, lianike juani. Ukinywa, ladha ni ile ile. Mafuta hayakubaki juu ya plastiki, yamezama ndani yake. Plastiki na mafuta ni jamaa. Maji ndiye mgeni.

Udhia huo ndio wanasayansi walioufanya chombo cha kusafishia maji.

Maji yaliyoingiwa na petroli au thina hayasafiki kwa kitambaa, kwani uchafu umeshayeyuka. Klorini nayo huua vijidudu tu. Na kidogo chatosha kuharibu: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwa benzeni, kemikali iliyomo kwenye petroli na inayoleta saratani ya damu. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 yatosha kuyafikisha kikomoni maji lita 100,000, yaani madumu 5,000 ya lita 20.

Dawa yake ni utando wa polima, mara nyingi mpira wa silikoni, mwembamba mno. Upande mmoja hupitishwa maji machafu yenye uvuguvugu. Upande wa pili pampu hunyonya hewa. Utando huu hauna matundu kama chujio. Petroli huuingia kama mafuta ya taa yalivyoingia kwenye dumu, hupenya, hutokea ng'ambo ikiwa mvuke, kisha hupozwa na kukingwa. Maji mengi hubaki yalipo.

Njia hii si ngeni: mwaka 1917 mwanasayansi Philip Kober aliandika jinsi msaidizi wake alivyoona kimiminika kikipungua ndani ya mfuko wa kolodioni ulioning'inizwa, ingawa ulikuwa umefungwa barabara. Kober ndiye aliyeipa njia hii jina.

Mtambo wa njia hii unataka umeme, pampu na kipozeo, kwa hiyo mahali pake ni kiwandani zaidi kuliko kisimani. Kwa Pemba, mfano wa kufikirika upo Wawi, karibu na Chake Chake, ambako makonyo ya karafuu hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Mafuta hayo ni mazito, huzama chini ya maji. Lakini maji ya ukamuaji wa namna hiyo hubaki yakinukia karafuu, maana yameyeyusha sehemu ya yujenoli, kiini cha mafuta yenyewe. Huko, kitakachovuka utando si uchafu wa kutupwa bali mali ya kuuzwa.