Kokateli hataki kukaa bure

Ukimuona kokateli anagonga kijiti kwa mdomo, anainua mabawa kidogo mgongoni na kupiga mluzi huku amekikazia macho kiatu chako, usidhani amepagawa. Huyo ni dume, na anatongoza. Kiatu kimempendeza, basi.

Asili ya ndege huyu mwenye shungi na mashavu ya rangi ya chungwa ni nyika kavu za Australia. Katika ukoo wa kokatu yeye ndiye mdogo kuliko wote: uzito wake ni kama gramu 90, na urefu, pamoja na mkia, hauzidi sana sentimita 30. Wanaouzwa madukani wamezaliwa vizimbani, vizazi kwa vizazi, lakini pori halijawatoka. Kwao huko huruka kwa makundi, huhama kufuata maji, na hushinda chini wakiokota mbegu za nyasi, moja moja. Sasa wewe unamjazia bakuli asubuhi. Akishashiba, siku nzima iliyobaki afanye nini? Ndipo anapoanza makelele, na wengine hujinyonyoa manyoya.

Kwa hiyo kabla ya kununua midoli ya bei, mrudishie kazi yake. Mtundikie suke zima la uwele alipukuse mwenyewe. Tandaza karatasi safi zilizochanwa kwenye sinia, nyunyiza mbegu kidogo katikati yake, kisha muache achakure. Kadibodi isiyo na wino wala gundi ataitafuna mpaka iwe vumbi, na mfupa wa ngisi, ule mweupe unaookotwa ufukweni, ukiuosha vizuri utampa chokaa na kazi ya mdomo kwa pamoja. Usishangae akikikimbia kitu kipya. Ni mwoga huyu. Kiweke kwanza nje ya kizimba akizoee kwa macho. Kioo mimi simshauri mtu. Ndege hukesha akimbembeleza mwenzake asiyemjibu, na wengine huwa wakali kukilinda.

Hali yake isome kwenye shungi. Likisimama wima, kuna kilichomshtua au anachotaka kukijua. Likilala huku ncha imepinda juu, ametulia. Likibanwa kabisa kichwani, naye ameachama na kutoa sauti ya “sss”, ondoa mkono wako upesi. Kusaga mdomo jioni hakuna ubaya. Ni dalili ya usingizi.

Ukitoka chumbani akaanza kuita, anauliza kundi liko wapi. Mjibu kwa mluzi ukiwa hukohuko. Ukimkimbilia kila anapopiga ukelele, umemfundisha kupiga ukelele.

Usiku ndiko kwenye balaa. Umeme ukikatika ghafla au paka akipita dirishani, kokateli anaweza kupapatika gizani hadi akavunja manyoya ya mabawa na kutapakaza damu. Taa ndogo ya betri karibu na kizimba husaidia sana. Jike naye anaweza kutaga bila kuona dume, na kutaga mfululizo humdhoofisha, kwa hiyo usimwekee visanduku wala pembe za giza.

Jikoni asiingie. Kikaango kile kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi mno. Parachichi na chokoleti pia ni sumu kwake, hata kama watoto wanamwonea huruma akiomba. Sukumawiki na karoti ruksa.

Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, hata zaidi, na akiwa peke yake kundi lake ni wewe. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi saa mbili usiku anunue wawili, au asinunue kabisa.