Joto bila moshi: Jinsi ya kumhudumia chiriku mgonjwa na kumwepusha na hatari za nyumbani

Katika nyanda za juu za Burundi, kuanzia Gitega hadi Muyinga, usiku wa kiangazi huwa na baridi. Mfugaji anapomkuta chiriku wake amejikunyata chini ya tundu, manyoya yakiwa yamemtutumka, wazo la kwanza huwa kumsogeza karibu na jiko la mkaa. Nia ni njema, lakini hatua hiyo inaweza kumuua ndege kabla ya alfajiri, na hata kuwadhuru watu waliolala katika chumba hicho hicho.

Chiriku wa manjano anayejulikana sana Afrika Mashariki ana uzito wa gramu 10 hadi 15 hivi. Katika mwili mdogo kiasi hicho hakuna akiba kubwa ya nguvu, wala nafasi kubwa ya kukosea.

Kwa nini ugonjwa hugunduliwa kwa kuchelewa?

Porini, ndege anayeonyesha udhaifu huwa wa kwanza kunyakuliwa na mwewe au paka. Kwa sababu hiyo, ndege wadogo huficha ugonjwa hadi nguvu zinapowaishia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa chiriku, mawingu huonekana mvua ikiwa imekwisha kuanza.

Mtu mwenye maneno mengi huitwa chiriku, na si bure. Ndege huyu akinyamaza ghafla, hiyo ni dalili ya kwanza. Nyingine ni kusinzia mchana, manyoya kututumka muda wote, kushuka kwenye kijiti na kukaa chini ya tundu, kinyesi kubadilika rangi au kuwa majimaji, na mfupa wa kifua kuchomoza kwa kukonda. Dalili nzito kuliko zote ni kupumua kwa shida: mdomo wazi, na mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Hatari iliyomo hewani

Mapafu ya ndege hayafanani na ya binadamu. Yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, na hewa hupita ndani yake kuelekea upande mmoja, ndege anapovuta pumzi na anapoitoa. Mpangilio huo humwezesha kupata oksijeni nyingi ya kurukia, lakini pia huingiza sumu ya hewani kwa kasi.

Ukweli huo uliwahi kuokoa maisha ya watu. Baada ya mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, mwaka 1896, mwanasayansi John Scott Haldane alipendekeza wachimbaji wabebe wanyama wadogo ili watambue hewa yenye sumu. Ndege wa jamii ya chiriku ndio waliokuja kutumiwa zaidi. Walizirai mapema kuliko wachimbaji, nao wachimbaji wakapata muda wa kutoka. Uingereza ilitangaza kuwaondoa migodini mwaka 1986, vilipopatikana vifaa vya kielektroniki.

Sumu iliyohofiwa zaidi, kaboni monoksaidi, ndiyo itokayo kwenye jiko la mkaa. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi unaoonekana, bado huitoa. Ndege akianguka ghafla ndani ya chumba chenye jiko, watu wote watoke nje mara moja, hasa wakihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu.

Huduma ya kwanza

Ndege mgonjwa anahitaji joto la nyuzi 30 za Selsiasi hivi. Njia salama ni kujaza maji ya moto kwenye chupa, kuizungushia kitambaa na kuiweka upande mmoja wa tundu, ili ndege aweze kuisogelea au kuikwepa. Tundu lifunikwe pande tatu kwa kitambaa chepesi na kuwekwa mahali patulivu, mbali na jiko na upepo.

Chakula na maji viwekwe chini, karibu naye, kwani ndege mdogo asiyekula kwa siku moja anaweza kufa. Hata hivyo, asimiminiwe maji mdomoni: tundu la kupumulia liko nyuma ya ulimi, na maji huingia mapafuni kwa urahisi. Akilazimika kushikwa, kifua kisibanwe. Ndege hana kiwambo kama cha binadamu; kifua kisipoweza kutanuka, hukosa pumzi.

Vidonge vya binadamu havifai. Kipande kinachoonekana kidogo kwa macho ni kipimo kikubwa mno kwa mwili wa gramu 10. Kuchagua dawa ni kazi ya daktari wa mifugo.

Sumu zilizozoeleka jikoni

Parachichi, tunda lililojaa masokoni Burundi, lina kemikali iitwayo persini inayoweza kudhuru moyo wa ndege. Kahawa, chokoleti, pombe na vyakula vya chumvi nyingi navyo si vya kumpa.

Nafaka na karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 1960 nchini Uingereza, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa unga wa karanga wenye sumu hiyo. Ndiyo sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Mtama au karanga zisizofaa kuliwa na watu, basi, si chakula cha kumtupia ndege.

Vikaango vyenye utando usiogandisha chakula, vikiachwa motoni hadi vikapata joto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Dawa za kupulizia mbu, ubani na rangi mbichi za ukutani pia visitumike katika chumba chenye tundu.

Kuwalinda wengine

Ndege mgonjwa atengwe na wenzake na kuku, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumhudumia. Ndege au kuku kadhaa wakifa kwa mfululizo, mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, na ofisi ya mifugo iarifiwe, kwa kuwa huenda ni mdondo au mafua ya ndege.

Mahali pazuri pa tundu ni chumba chenye dirisha linalofunguka, mbali na jikoni. Hewa inayomfaa chiriku ndiyo inayowafaa pia watoto wanaolala karibu naye.