Jibini ya nyumbani: Anayeanza aanzie wapi asije akavuna ukungu?

MFUGAJI anayebaki na lita kumi za maziwa kila siku msimu wa mvua hujikuta katika njia panda. Bei imeshuka, majirani nao wanakamua, na maziwa lala yamekwisha kujaa vibuyu vyote nyumbani. Hapo ndipo wazo la kutengeneza jibini humjia. Hufuata maelezo aliyoyapata, akagandisha maziwa, akakandamiza bonge lake kwa jiwe na kuliweka kabatini likomae. Baada ya wiki mbili hufungua kabati na kukuta bonge limeota manyoya ya kijani na kijivu.

Je, hiyo ni hasara, au ndiyo jibini yenyewe?

Swali hilo si la kipuuzi. Jibini ya Roquefort, ambayo wakazi wa kijiji cha jina hilo kusini mwa Ufaransa walipewa na Mfalme Charles wa Sita haki ya kuikomaza peke yao mwaka wa 1411, hujulikana kwa mishipa yake ya ukungu wa buluu. Camembert nayo hufunikwa na ukungu mweupe mithili ya pamba. Lakini katika jibini hizo, aina ya ukungu imechaguliwa na watengenezaji, tena hukuzwa katika baridi na unyevu unaopimwa kila siku. Ukungu uliojileta wenyewe kabatini ni mgeni asiyejulikana. Mwingine hauna madhara makubwa, mwingine hutoa sumu, na macho ya mpishi hayawezi kutenganisha huu na ule. Rangi ya kijani au buluu si kitambulisho cha usalama.

Mbegu za ukungu huelea hewani katika kila jikoni. Maziwa yakishageuka kuwa jibini, uchachu na chumvi yake huzuia bakteria wengi, lakini ukungu huvumilia hali hiyo vyema. Unachohitaji ni hewa na unyevu tu. Ndiyo maana huanzia penye nyufa, au upande wa chini ambao haukugeuzwa ukabaki umelowa. Mkate ulioota ukungu ukiwekwa karibu, kazi huwa imekwisha. Kuna ukungu mmoja wa kijivu wenye nywele ndefu ambao watengenezaji wa Ufaransa huuita “manyoya ya paka”. Huo hupenda hasa jibini iliyofunikwa kabla ya kukauka juu.

Kosa la wengi wanaoanza si uchafu wala uvivu. Ni kuanza na jibini isiyowafaa. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa ajili ya nchi zenye baridi. Kitabu cha Mmarekani Ricki Carroll, Home Cheese Making, ni miongoni mwa vile vinavyotumiwa sana na wanaojifunzia nyumbani. Vitabu vya aina hiyo vinapoagiza jibini ngumu ikomazwe kwa nyuzijoto kati ya 10 na 13, msomaji wa Ulaya hufikiria chumba chake cha chini ya ardhi. Msomaji wa Kisumu au Mombasa hana chumba cha namna hiyo, na kabati lake huweza kufika nyuzi 30. Jokofu la kawaida nalo huwa baridi kupita kiasi, na hukausha jibini hadi ipasuke.

Kwa sababu hiyo, miongozo iliyoandikiwa mazingira ya Afrika humfaa zaidi anayeanza. Mmoja wao ni Rural Dairy Technology, uliotolewa mwaka wa 1988 na kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa Addis Ababa, ambacho baadaye kiliunganishwa na kingine cha Nairobi kuunda taasisi ya ILRI. Umetokana na kazi iliyofanywa nchini Ethiopia, ambako akina mama wa vijijini wametengeneza ayib, jibini laini isiyokomazwa, kwa vizazi vingi. Anayetaka kufundishwa kwa vitendo naye ana chuo cha serikali cha mafunzo ya maziwa mjini Naivasha.

Mwongozo mzuri hutambulika upesi. Hutaja joto kwa tarakimu, wala hausemi tu “pasha kiasi”. Hueleza ni maziwa gani yasiyofaa, kwa mfano yale ya pakiti ya muda mrefu, ambayo hayagandi vizuri kwa reneti, yaani kimeng'enya kitokacho katika tumbo la nne la ndama. Aidha, hueleza la kufanya mambo yakiharibika. Mwongozo unaoonyesha picha za jibini zilizofaulu pekee haumsaidii aliyesimama mbele ya kabati lililoota ukungu.

Jibini ya kwanza basi na iwe ile inayoliwa kabla ukungu haujapata nafasi. Lita nne za maziwa ya ng'ombe hupashwa hadi karibu nyuzi 90, sufuria ikaepuliwa, kisha nusu kikombe cha maji ya limau au siki humiminwa polepole huku maziwa yakikorogwa taratibu. Mabonge meupe hujitenga na maji ya kimanjano. Hapo mpishi hana budi kuacha kukoroga na kusubiri dakika kumi. Mabonge huchujwa kwa kitambaa kilichochemshwa, yakatiwa chumvi na kuning'inizwa hadi yakome kudondosha maji. Hupatikana zaidi kidogo ya nusu kilo. Jibini hii haihitaji reneti wala kabati, na joto lake huua viini vya magonjwa kama brusela, ambavyo mtu huweza kuambukizwa kwa maziwa mabichi. Huliwa siku hiyo hiyo, au ndani ya siku tatu hivi ikiwa kwenye jokofu.

Ikiota ukungu, hutupwa yote. Jibini laini ina maji mengi, na nyuzi za ukungu hupenya ndani bila kuonekana. Kukwangua juu ni kujidanganya. Kwa jibini ngumu, Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri kukata angalau sentimita 2.5 kuzunguka na chini ya doa, na kisu kisiguse ukungu wenyewe. Kwa anayeikomaza, kinga ni kuigeuza kila siku, kuipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, na kuhakikisha uso wake umekauka kabisa kabla ya kupakwa nta. Jibini iliyovimba na kujaa vitundu kama sifongo siku ya kwanza au ya pili haina tatizo la ukungu. Hiyo ni dalili ya maziwa au vyombo vichafu, na haifai kuonjwa.

Hata hivyo, ukungu wa kuogopwa zaidi hauonekani kwenye jibini hata kidogo. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika maeneo ya Makueni, Kitui na wilaya jirani baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotolewa na ukungu. Mahindi ya aina hiyo yakikataliwa mezani, mara nyingi hupelekwa kwa ng'ombe. Sehemu ya sumu hiyo, ikiwa imegeuka umbo, hutoka katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Isitoshe, hujishikiza kwenye protini ambayo ndiyo hugeuka kuwa jibini, kwa hiyo kilo moja ya jibini huweza kuwa na sumu mara kadhaa kuliko kilo moja ya maziwa yaliyoitengeneza.

Mpishi anayenunua maziwa kwa jirani ana haki ya kuuliza ng'ombe anakula nini. Mahindi hupaswa kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa, na yale yaliyokwisha kuota ukungu hayafai kupelekwa zizini, hata kama ng'ombe huyala bila kusita.