Jina na Namba

Leo tutazungumza habari za kompyuta za Yuniksi. Sisi twapenda majina, lakini zenyewe huitana kwa namba. Kwa hiyo ndani yake mna orodha iitwayo /etc/hosts: kila mstari una namba, kisha jina.

Programu yako ikitaka namba, huita gethostbyname, amri iliyotoka Berkeley, Marekani, mwaka 1983. Angalia sana! Jibu huandikwa katika ubao mmoja tu. Uliza "benki", kisha uliza "duka": namba ya benki imekwisha futika. Hesabu za benki zitakwenda dukani, wala hutaambiwa.

Basi, nakili namba ya kwanza kabla ya kuuliza tena. Bora zaidi, ita getaddrinfo, ambayo humpa kila aulizaye ubao wake mwenyewe. Ukimaliza, urudishe kwa freeaddrinfo.