Vifaranga wa siku moja mpaka yai la kwanza: hapa ndipo wengi wanapata hasara

Umeleta boksi la vifaranga 50 nyumbani, wote wazima, wanalia vizuri tu. Wiki mbili baadaye wamebaki 30 na unaanza kulaumu aliyekuuzia. Mara nyingi tatizo si muuzaji, ni joto.

Kifaranga wa siku moja hawezi kujitunzia joto mwenyewe. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 pale chini alipo, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yaote. Kwa Dar anaweza kutoka bruda wiki ya nne, ila aliye Njombe au Mbeya ajiandae kukaa naye zaidi.

Washa bruda masaa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, ili wakute maranda yameshapata joto. Itengeneze duara, kwa sababu kwenye kona wanarundikana na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa. Kama huna kipimajoto, waangalie wenyewe. Wakijikusanya karibu na moto wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni huku wamepanua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika, wanakula na kulala popote, hapo umepatia. Ukaguzi wa muhimu ni ule wa saa nane usiku, ambao wengi tunauona mzigo.

Wanaotumia jiko la mkaa wawe makini. Kundi langu la kwanza nilipoteza vifaranga 11 usiku mmoja. Nilifunga madirisha yote kwa turubai ili joto lisitoke, mkaa ukiwa ndani. Baridi haikuwagusa kabisa, waliuawa na hewa ya mkaa. Tangu siku hiyo huwa naacha uwazi juu ya ukuta, hata mvua ikinyesha.

Baada ya joto ni chanjo. Ratiba iliyozoeleka ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Mtaalamu wa mifugo wa eneo lako anaweza kuibadilisha kidogo, msikilize. Chanjo ya maji inaharibiwa na mambo madogo sana: kuibeba bila barafu, au kuichanganya na maji ya bomba yenye dawa. Wanyime maji saa moja au mbili kabla ili wawe na kiu, kisha hakikisha wameyamaliza ndani ya masaa mawili.

Ukiona kinyesi chenye damu na vifaranga wamejikunyata, shuku koksidia. Inapenda maranda yaliyoloa, hasa kuzunguka chombo cha maji. Toa yaliyolowa kila siku, na dawa uitafute siku hiyo hiyo.

Chakula hakina mambo mengi. Starter mpaka wiki ya 8, grower mpaka karibu wiki ya 18, ndipo layers. Kuna watu wanawapa layers mapema wakidhani watawahi kutaga. Usifanye hivyo. Chakula hicho kina chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na kuku mdogo asiyetaga figo zake zinaumia.

Miezi hii ya katikati ndiyo inayovunja watu moyo. Kuku anakula, mfuko unaisha, yai hamna. Hesabu gharama ya chakula cha miezi mitano kabla hujanunua vifaranga, maana ukianza kupunguza chakula wiki ya 14 unachelewesha mayai yako mwenyewe.

Chotara wengi wanaanza kutaga kwenye miezi mitano, kienyeji halisi anaweza kufika sita au saba. Dalili zipo: kilemba kinakuwa chekundu, anachungulia kona za banda, na ukimgusa mgongoni anachuchumaa. Viota viwe tayari kabla ya hapo, kimoja kwa kuku wanne au watano, sehemu yenye giza kidogo. Wakizoea kutaga chini, kuwarudisha ni kazi.

Yai la kwanza litakuwa dogo, pengine lina ganda laini au tone la damu. Usiogope, na usimuuze huyo kuku. Baada ya wiki chache mayai yanakuwa makubwa.